Choki nilizomchagulia shemeji

Ndugu yangu, shemeji amekatwa kidole na msumeno wa karakanani kwake. Alidhani umesimama!

Umesimama wapi! Chini ya taa za tyubu zinazopepesa kwa sababu ya choki za zamani, vile visanduku vya kudhibiti umeme wa taa, msumeno unaozunguka huonekana umetulia tuli.

Na choki hizo nilimchagulia mimi. Mimi!

Siku ya kuzifunga, binti yake alisema, “Mjomba, badala ya choki tuweke balasti za elektroniki, hazipepesi.” Nikamwambia zilimlipukia fundi mwenzangu, nyusi zikaungua zote. Fundi huyo hayupo! Nilimtunga palepale, nisishindwe na mtoto.

Sasa tuko zahanati. Mkono umefungwa bandeji, na bado ananifariji yeye: “Bahati mbaya tu, shemeji. Nikifungua karakana ya pili, utanifungia choki zilezile. Nakuamini.”

Na mimi, kwa mdomo huuhuu, nikaitikia, “Haya.”