Mkojo Wangu Katika Chupa ya Mume Wangu

Bwana Mshauri,

Nisaidie, maana tangu Jumatatu moyo wangu hautulii. Mume wangu Abdulwakil, mtu wa Pemba, amelazwa hapa Tanga chumba cha wagonjwa mahututi kwa kisukari na kidonda cha mguu, na kila baada ya saa nne muuguzi Bertha huchemsha mkojo wake na dawa ya buluu ya kupimia sukari, ikibaki buluu hapana sindano, ikigeuka nyekundu kama tofali anachomwa, naye mume wangu akaniambia, "Mize, hawa wananishona kama gunia la karafuu," tukacheka, kumbe machozi yanamtoka, na mimi ndiye ninayemkingia chupa, basi kwa huruma nikatia mkojo wangu badala ya wake. Ikabaki buluu. Bertha akashangilia, "Hongera, dada, mzee anapona!" Siku ya pili sasa hajachomwa, amekuwa mpole, anasinzia, anavuta pumzi ndefu zenye harufu ya matunda yaliyopitiliza kuiva, ananiita jina langu la utotoni, anasema tunatembea pwani ya Tongoni juu ya maji na maji yana uvuguvugu, na miaka kumi na tisa ya ndoa hajapata kunipa maneno matamu hivi, hata natamani asiamke, ila jana aliomba maji kutwa nzima na leo hakuomba kabisa. Nikisema, nduguze watanifukuza. Ninyamaze?

Mize

Bibi Mize,

Mumeo anazama, na wewe umekaa ufukweni unasikiliza sauti yake! Usingizi huo ni sukari iliyompanda.

Barua yako nimeisoma saa tatu asubuhi. Saa tatu u nusu nilikuwa mbele ya daktari wa mumeo nayo mkononi. Gazeti hutoka Ijumaa, mumeo hana muda huo. Siri yako nimeitoboa, nitukane upendavyo.

Nanyi wa hospitali, mnamkabidhi mke chupa bila kumweleza rangi ile inaamua nini, kisha mnashangaa? Aibu!

Sasa, bibi, mweleze Bertha ni chupa ngapi ulizobadilisha na saa ngapi, usipunguze hata moja. Chupa akinge mwingine. Sindano ikija, mshike mkono mumeo, aumalizie ukali wake kwako. Nduguze wakifoka, waambie waje kwangu, nina maneno ya kuwatosha.

Ninapoandika haya sijui kama ameamka. Akiamka atafoka, atadai chakula, atagombana na kila mtu. Shukuru kwa kila tusi.