Wembamba wa Kwenye Skrini

Jumamosi, Tumati

Eti mtandao! Kikiharibika chochote huku kijijini, mtu wa mjini analaumu mtandao.

Ibada ya kumkumbuka Mama ilikuwa inarushwa mubashara ili dada Paskalina aione akiwa Muskati, na kwenye skrini watu wote walikuwa wembamba kama mabua. "Milima yenu inazuia mtandao," akasema shemeji Elibariki, fundi wa kujitangaza kutoka Arusha. Akazima kompyuta, akawasha. Akazima tena. Mtandao gani huo unaokondesha watu?

Nilijua tatizo ni kapcha kadi, kile kifaa kinachoingiza picha ya kamera kwenye kompyuta. Alikiweka 640 kwa 480 wakati kamera inatoa 1920 kwa 1080, kwa hiyo picha pana ikabanwa. Lakini ni mume wa dada yetu mkubwa, anayemtangulia Paskalina. Asubuhi nimempa shikamoo, mchana nimwondoeje kwenye kiti?

Paskalina akapiga simu analia. "Mbona Baba amekonda hivyo? Mnamlisha nini?"

"Ni kompyuta tu, dada."

Shemeji alipoitwa mbele kusoma somo, nikarekebisha vipimo. Papo hapo kitambi chake kikarudi, kikajaa skrini. Nilicheka peke yangu, kwa dharau kabisa.

Kisha nikaigeuza kamera kwa Baba ili Paskalina atulie.

Picha ilikuwa sawa sasa. Baba hakunenepa.

Na mimi ndiye ninayekula naye kila siku.