Moyo wa Ukoo Wao

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mjomba Kibwana amevimba miguu! Shemeji yangu Dadi kapiga simu kutoka Kinole, kule mlimani. Mzee hapandi tena mlima, akilala pumzi inakata. Hivyo hivyo alivyoanza marehemu mume wangu, Hashimu. Nikasema pole. Nikakata simu, nikacheka peke yangu mbele ya cherehani.
Si ndiye aliyesimama matangani akatangaza nimemroga mpwa wake? Nikafukuzwa mlimani nimemshika Sabra mkono, eda sijamaliza. Avimbe tu.

Alhamisi, 10 Julai
Dadi tena. Eti Hashimu alitumia dawa gani? Nikamjibu sikumbuki.
Nakumbuka sana! Daktari alituambia mimi na Hashimu: moyo umetanuka, kasoro ya kurithi, chembe hai za moyo zinazeeka kabla ya mwenyewe. Ndugu wapimwe mapema, vidonge vipo. Nilikuwa niwaambie baada ya mazishi. Wakaniita mchawi. Basi wakamuulize mganga wao.
Mimi sina wasiwasi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Hashimu maradhi aliyapata kwa mama yake, dada wa Kibwana. Sabra wangu ni wa kwetu. Wamalizane wenyewe huko.

Jumamosi, 12 Julai
Kibwana kashushwa hospitali hapa mjini. Nikavaa gauni jipya, nikaenda kumwangalia. Siyo kumjulia hali — kumwangalia. Shikamoo mjomba, nikasema polepole, ajue ni nani. Marahaba ikamtoka kwa shida. Raha iliyoje!
Daktari ni yule yule. Akauliza, mtoto wa marehemu keshapimwa? Nikamwambia, huyo si wa ukoo wao. Akashangaa. Mama, ukoo ni wa kugawana mashamba, akasema. Mtoto huchukua nusu kwa baba.
Sijala tangu hapo. Juzi Sabra alikaa chini njiani akitoka bombani, nikamwita mvivu.

Jumatano, 16 Julai
Naandika hapa korido. Sabra yuko ndani anapimwa moyo. Na wao wako benchi hili hili, ukoo mzima, daktari kawaita.
Dadi katoka sasa hivi. Wake pia umetanuka. Siku nyingi, kaambiwa.
Kaniuliza taratibu: Shemeji, ulikuwa unajua?
Nikamwambia, mlinipa nafasi ya kusema? Hakuniita mchawi. Angeniita, ningejua la kumjibu.
Kibwana bado namchukia, tena sana. Mlango unafunguliwa. Nesi anauliza mama yake Sabra ni nani, na Dadi ndiye ananinyooshea kidole —