Faili Nililolitaka Mwenyewe

Azaiba, Maskati
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Maan,

Assalaam alaykum. Khabari za siku nyingi, na siku zenyewe ni miaka thelathini na tano. Vipi moyo wako, vipi magoti, vipi shemegi? Nasriya, binti yako mwenye jina la mama, hajambo? Sisi huku hatujambo. Mie nna sukari kidogo, lakini daktari mwenyewe kasema mifupa yangu ni ya mtu wa miaka hamsini. Mke wangu Mahbuba bado mkali vile vile.

Utashangaa kuiona khati yangu. Unaijua, kama kuku kakanyaga wino. Mjukuu wangu Wijdan alitaka kuniandikia, nikakataa. Maneno haya yanataka mkono wangu. Yeye atakuletea tu, akirudi chuoni huko Leipzig. Najua anakula kwako kila Jumamosi, na mie nilimkataza. Kanificha mwaka mzima. Mshukuru wewe, mie bado siwezi.

Sasa sikiliza. Wajerumani walipouvunja ule ukuta wao wakawa dola moja, waliyafungua makabati ya polisi wa siri wa upande wa mashariki, kila mtu akasome alivyoandikwa. Hilo unalijua kuliko mie. Basi nikamwambia Wijdan aniombee faili langu. Miaka yote nimesema Maan ndiye alonichongea, Maan ndiye alofanya nikafukuzwa Leipzig, tulikopelekwa sote kusoma, mie kuchomelea vyuma kiwandani, wewe udaktari, mwaka wa sitini na nane, na nilipofika Unguja nikatiwa ndani miezi minane, mpaka nikakimbilia huku Maskati na mama. Nilitaka karatasi yenye jina lako, niwaoneshe watu.

Faili likaja. Juzi Ijumaa baada ya sala niliwaita wote, watoto, wajukuu, mpaka jirani. Halwa ipo, kahawa ipo, nikakaa mbele kama kadhi. Nikamwambia Wijdan, "Soma kwa sauti, wasikie."

Akasoma. Kumbe yale maneno yalonifukuzisha sikukwambia wewe peke yako chumbani, kama nilivyoapa miaka yote. Niliyasema kwenye chumba cha kulia pale kiwandani, mbele ya watu tisa, sahani ya viazi mbele yangu. "Ukuta ule wa Berlin mie nauruka kwa mguu mmoja, na nisipouruka nautoboa kwa moto!" Wameandika mpaka kuwa nilipiga meza. Na aloandika ni yule Mjerumani mwalimu wetu wa kuchomelea, nilokuwa nikimwita rafiki, nilompa kikoi changu.

Wijdan akasita. "Babu, nisimame hapa?"

"Nani kakwambia usimame?"

Mahbuba akadakia, "Maneno hayo ni yako, Jaifar. Hata mlango wa jikoni unayajua." Watu wakacheka. Na mie nikacheka, Maan. Nilicheka kwa sababu sijaujua ukurasa unaofuata.

Ukurasa unaofuata ni wewe. Walikuita mara tatu uwe unawaletea khabari zangu. Mara tatu ukakataa, na ile ya tatu ukatia saini kabisa: "Huyu ni kaka yangu, simsemi." Wakakutoa chuo cha udaktari, wakakupeleka kwenye machimbo ya makaa ya mawe miaka miwili. Na mie huku nawaambia watu umefeli, huna akili, ndio maana ukaishia kuuguza badala ya kutibu.

Hakuna alocheka tena. Jirani aliaga bila ya kumaliza kahawa yake.

Mie fundi, Maan. Matangi ya mafuta ya nchi hii mengi yana mkono wangu, na hayajavuja hata tone. Lakini siku ile nilizikusanya finjani mwenyewe, nikenda kuziosha jikoni nisiwaone watu usoni.

Lipo na jingine, na hilo halimo katika faili. Hilo analijua Mungu na mie.

Ulipoanguka ukuta uliniandikia. Ulisema ulikuwa ukitoka kuandamana kila Jumatatu na watu wa Leipzig, mishumaa mikononi, mnawaogopa askari, na askari wasipige risasi. Ukasema sasa njia ziko wazi, unataka kuja Maskati umuone mama. Nikakujibu kwamba mama hataki kukuona, kasema hakukuzaa.

Mama hakusema. Mama hata barua hakuiona. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikenda kazini. Siku zile televisheni ikionesha Wajerumani wanakumbatiana juu ya ukuta, yeye akisogeza uso karibu na kioo, akiniuliza, "Jaifar, yule si Maan?" Nikimwambia, "Siye, mama. Yule mzungu." Aliuliza mpaka wale wazungu wakamaliza kukumbatiana, wakawa nchi moja, wakaanza kugombania kazi. Kafa mwaka wa tisini na tatu, humu humu nyumbani, akilitaja jina lako, si langu. Na mkono wake nimeushika mie.

Nimezoea kusema mkubwa hamwombi radhi mdogo. Nakuomba radhi. Sijui kuandika zaidi ya hapo, nimejaribu karatasi tatu.

Huko kwenu kila alodhulumiwa kapewa karatasi yake akasome. Hii ndiyo yako.

Wijdan keshanijazia mambo ya viza. Nakuja baada ya Idi. Usiniandikie nisije, sitaisoma. Kama hutaki kunifungulia, usinifungulie, mie ntasimama nje, baridi ya Leipzig hainijui leo. Lakini nisikilize kwa nyuma ya mlango. Ntakwambia aliyoyasema mama siku ya kufa kwake, neno kwa neno, mpaka alipokata roho. Ni yako wewe. Nimekaa nayo miaka thelathini na mbili.

Msalimie sana shemegi. Nasriya mbusu kipaji cha uso. Mahbuba anakusalimu, na tangu juzi hasemi na mie, haki yake. Wanangu wote wanakusalimu, wale niliowakataza wasikutaje.

Mungu akuhifadhi na akuweke mpaka nifike. Na akitaka kumchukua mmoja wetu kwanza, aningoje nigonge huo mlango.

Ndimi nikupendaye na nilokudhulumu,
kaka yako,
Jaifar