Mume wangu anataka nipande miti Uingereza, si hapa Fedha

Mama Lusweti,

Pokea salamu za mtu anayelala kwenye mkeka wa jirani huku kitanda chake kikiwa nyumba ya pili. Naomba unishauri kwa sababu kila ninayemuuliza ananiambia niombe msamaha na mimi sioni ni msamaha wa nini. Jina langu ni Wavinya, naishi mtaa wa Fedha, Nairobi, na usilifiche jina hilo, mtaa mzima ulisimama chini ukanitazama, sasa nifiche nini?

Kazi yangu ni miti. Si kuingia msituni na kuangusha, hapana, mimi hupanda mti mkubwa ulio karibu na nyumba au nyaya za stima nikautibu, nikaondoa tawi lililooza, nikaupunguzia uzito upande unaoinamia, na kama hauwezi kupona nauteremsha kipande kwa kipande kwa kamba usivunje kitu. Kupanda nilifundishwa na marehemu baba kule Kangundo, yeye alikuwa akiwatafutia wachongaji mbao, na kaka yangu Kisilu alikuwa anaogopa kwenda juu kwa hivyo nikawa ninapanda mimi. Nilipokuja Nairobi niliajiriwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa akitunza miti ya majumba ya matajiri, na alipofunga kazi yake arudi kwao akanitafutia kibali nikaenda naye. Wathome, mume wangu, ambaye ni dereva wa lori huko Industrial Area, ndiye aliyenisindikiza uwanja wa ndege, tena alivaa suti, na binti yetu Mbeti tukamwacha Njiru kwa mama mkwe akiwa bado mdogo sana.

Huko Uingereza, Mama, kuna baridi ya kufisha vidole mpaka huhisi kama umeshika msumeno au hujashika, na wenye nyumba wakinifungulia mlango walikuwa wanatazama nyuma yangu wakiuliza fundi yuko wapi, nami nawaambia fundi ni mimi, wanacheka, halafu nikishafika juu wanaacha kucheka na kuniletea chai. Nilituma picha nyumbani nikiwa nimening'inia kwenye mti mkubwa, chini ni theluji tupu. Wathome akaiwekea fremu na iko sebuleni mpaka leo, kila mgeni anayeingia anaambiwa, "Huyo ni Mama Mbeti, hapo yuko UK." Mwaka jana nikarudi. Sikufukuzwa na sikukosa kazi, nilirudi kwa sababu nilipopiga simu Mbeti aliniita anti.

Basi nilipoanza kazi ile ile hapa nyumbani, Wathome akaanza kuninunia. "Huko ni kazi," alisema, "hapa ni aibu. Hapa watu wananijua." Mama mkwe naye akasema mwanamke aliyevaa suruali hawezi kukaa juu ya vichwa vya wanaume. Nikawa natafuta kazi mitaa ya mbali wasinione, na nafikiri hapo ndipo walipozoea kwamba mimi ni mtu wa kujificha.

Zikaja mvua hizi za El Nino. Nyuma ya nyumba ya rafiki yangu Raho kulikuwa na mkaratusi mrefu, na Jumamosi moja mchana ulipasuka kwenye panda, pale shina linapogawanyika, nusu yake ikabaki inaning'inia juu ya bati lao, na upepo ukija unasikia mti unalia. Raho na watoto wakatoka nje na magodoro. Mwenye ploti akaleta vijana wa shoka, mkubwa wao anaitwa Opiyo, nao wakaanza kukata chini, shinani. Nikatoka mbio nikawaambia wakikata hapo mti wote unaenda juu ya nyumba, lazima uanzwe juu. Kijana mmoja akanijibu, "Mathe, enda upike, hii ni job ya maboyz." Lakini Opiyo alitazama juu, akatazama bati, akaweka shoka chini. "Haya, panda basi tuone."

Nikaenda kuchukua vifaa vyangu nikapanda. Sharmarke, mume wa Raho, yule mwenye duka la vitambaa, alishika kamba jinsi nilivyomwelekeza, ameizungushia shina la mti mwingine, na vipande vya kwanza vilishuka polepole kama mzigo unaoshushwa na winchi. Watu walikuwa wamejaa, wengine wanapiga makofi. Ndipo nikamwona Wathome, ametoka kazini, anasukuma watu mpaka akasimama chini yangu kabisa.

"Mama Mbeti, shuka!"

"Ngoja nimalize, Baba Mbeti."

"Nimesema shuka. Usiposhuka sasa hivi, usikanyage kwangu tena."

Na mimi tawi nilishalikata nusu, nikasikia limeanza kufunguka lenyewe. Nikamwambia, "Baba Mbeti, toka hapo chini." Akakunja mikono. Nikapiga kelele, "Wathome, toka!" Opiyo akamvuta kwa shati na tawi likapita pale pale aliposimama, Sharmarke akalikamata kwa kamba mpaka viganja vikachubuka. Halikugusa mtu, halikugusa hata bati moja. Nami sikushuka, Mama Lusweti. Nilikaa juu mpaka nikamaliza, kwa sababu kuacha mti nusu ni kuua watu.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha, akanijibu nirudi kwa yule aliyenishikia kamba. Raho akanichukua, nalala na yeye na watoto, Sharmarke amehamia dukani kulala ili watu wasipate la kusema, na bado wanasema. Asubuhi yake Wathome akamrudisha Mbeti Njiru kwa mama yake. Jumatatu nilikuwa na mti mwingine Donholm, nikapanda nalia, machozi hayanionyeshi hata ninapofunga kamba, nikashuka salama sijui vipi.

Sasa wazee wa pande zote mbili wameitisha kikao, kitakaa uchaguzi ukishapita, mwaka mpya ukiingia. Masharti nimeshaambiwa. Niombe msamaha mbele ya watu, nisipande tena mti wowote Nairobi, na nikubali kurudi Uingereza kwa yule mwajiri wangu, ambaye kweli amepiga simu kusema nafasi yangu iko. Mbeti atabaki Njiru. Mama yangu mzazi analia, anasema, "Wavinya mwanangu, kubali tu, ndoa si mchezo." Mimi kazi naipenda, mume nampenda, mtoto ndiyo usiniulize. Lakini nikipanda mti huko napewa fremu, nikiupanda hapa nafungiwa mlango, na mti ni mti. Niende? Niombe msamaha? Nifanye nini?

Wavinya, Fedha

*

Wavinya,

Pole kwa mkeka, na mpe Raho asante yangu. Jirani wa kukufungulia mlango siku kama hiyo hapatikani kila mtaa.

Msamaha wa nini? Nimeisoma barua yako nikilitafuta kosa lako juu ya ule mti na sijaliona. Ulimwambia mume wako atoke chini ya tawi. Ulimwambia kwa heshima, akakunja mikono, ukamwambia kwa kelele. Ungemwita kwa upole mara ya pili leo ungekuwa mjane, na wazee hao hao wangekuja kukuuliza kwa nini hukupaza sauti. Usiombe msamaha kwa hilo. Ukiuomba, siku nyingine utasita, na atakayekuwa chini hatakuwa na Opiyo wa kumvuta.

Mume wako haoni aibu ya kazi yako. Mtu anayeona aibu ya kazi haiwekei fremu. Anachoogopa ni midomo ya watu, na amepata dawa rahisi, kwamba wewe uende mbali sana ili yeye abaki na picha. Mwambie hivyo, lakini mwambie mkiwa wawili. Yeye alikosea alipokuvunjia heshima mbele ya umati, nawe usimlipize mbele ya wazee. Na hilo la mshika kamba alilokutupia mlangoni ni tusi. Alifute yeye, na amshukuru Sharmarke kwa viganja vyake.

Sasa nikukaripie kidogo, kwa sababu umenikasirisha mahali pawili. Kwanza, Mbeti yuko Njiru na wewe uko kwenye mkeka unangoja kikao. Uliacha mshahara wa Ulaya kwa sababu mtoto alikuita anti, halafu umekaa kitako wakati anafundishwa upya kukuita hivyo? Mwite Kisilu, mwende naye Njiru kesho asubuhi. Msalimie mama mkwe vizuri, kaa, kunywa chai yake, mwambie umekuja kumchukua mwanao. Usigombane na usiondoke bila yeye. Akikataa katakata, mpitie chifu siku hiyo hiyo.

Pili, mti wa Donholm. Nani alikutuma upande ukilia? Mwanamke anayejua kuwa kuacha mti nusu ni kuua watu anapandaje haoni anapofunga kamba yake mwenyewe? Usirudie. Siku yenye machozi ni siku ya kukaa chini, na mteja atangoja. Nakuambia hivi kwa ukali kwa sababu nataka uzeeke.

Kuhusu Uingereza, ni kazi nzuri na mlango bado uko wazi. Ukitaka kwenda siku moja, nenda kwa kuwa umetaka, umepanga na mtoto, na mume amekubali kukupungia mkono bila kukusukuma mgongoni. Kwenda kama adhabu, hapana. Mpigie mwajiri wako, mshukuru, mwambie si sasa. Na usitafute tena kazi mitaa ya mbali. Andika kibao chako, jina na kazi, kitundike hapo hapo Fedha, na Opiyo na vijana wake uwafundishe kamba. Mvua hizi hazijaisha.

Siku ya kikao usikae karibu na mlango kama mtu aliyeletwa kushtakiwa. Kaa kando ya mume wako, Mbeti mapajani. Wasikilize wazee mpaka wamalize, kwa sababu wengine wamekuja kwa mapenzi. Ya ndoa yajibu, na kama Wathome ataonyesha kwamba anakutaka nyumbani, rudi naye nyumbani. Wakifika kwenye miti, hayo usiyajibu, uliza kama chai imeiva, maana una kazi Jumatatu.

Mama Lusweti