Meshi za Nsimire

Salamabila, siku ya kwanza ya juma

Mama yangu mupendwa,

Faida wako anakusalimia. Mwili wangu iko muzima, aksanti Mungu, lakini moyo unaniwasha, na utajua ni juu ya nini. Habari ya goti lako? Lingali linakukatalia kupanda shambani? Na ile mihogo uliyoloweka, imekauka ama mvua imeiharibu? Huku mvua haituhurumii, barabara imegeuka uji. Baba ya watoto iko muzima, anashuka shimoni na kupanda, dhahabu anaiona kwa macho kuliko kwa mukono. Watoto wanasoma. Mudogo ameota meno mawili na ananiuma nayo.

Haya yote ningekuuliza kwa telefone, lakini telefone yako umeifunga. Nimepiga asubuhi, nimepiga muchana, nimepanda mpaka kule kilimani penye rezo, telefone inapokamata, nimesimama sawa mutu anayetega ndege, na ile sauti ya kampuni inaniambia tu eti mutu ninayemutafuta hapatikani. Hapatikani! Mama ya watoto saba, mutu wa kanisa, mwenye nyumba inayojulikana na Kasongo nzima, hapatikani. Basi nimekamata kalamu. Karatasi haina kifungo cha kuizimia.

Mama, mimi ndiye niliyekuingiza katika grupu yetu ya wasusi, kwa hiyo kosa la kwanza ni langu. Nilisema: mama yangu alisuka kwa uzi hata mbele ya hizi meshi, nywele za kununua, kufika kwetu, ni haya abaki nje. Wenzangu wakafurahi. Unawajua: Wabiwa, ambaye ni Mulega wa Kindu, mwenye saloni na maneno machache, mama Sifa, Mubangubangu wa Lusangi, mwenye maneno mengi, Nsimire, Mushi wa upande wa Bukavu, anayeuza meshi hapa kwetu, na wengine wa kila kabila, ambao hatujaonana uso kwa uso hata siku moja.

Ni kweli ile grupu inachosha. Kila asubuhi watu wanatumiana maua na baraka mpaka telefone inajaa. Mama Sifa anatuma odio, maneno ya sauti ya dakika nane, na dakika sita ni jogoo wake anayewika. Mutu anauliza namna ya kushikisha meshi kwenye nywele fupi, mwengine anajibu kwamba watu wa kwao walizaliwa na kitana mukononi, wa tatu anakasirika, na aliyeuliza hajajibiwa mpaka leo. Lakini tumefunzana, Mama. Wabiwa alituonyesha namna ya kupitisha meshi kwa sindano ya ndoano, bila lile fundo linalouma. Mama Sifa, na mudomo wake wote, ndiye aliyetufunza kuvuta ncha za meshi mbele ya kusuka, ili rasta ishuke nyembamba na isikatike sawa ufagio. Na wewe uliwaambia wasikaze nywele za paji la uso, kwamba mutu aliyesukwa vizuri anaweza kucheka. Wasichana wa Kindu wanalirudilia lile neno mpaka sasa. Nilikuwa natembea na kiburi juu yako.

Kiisha ikaja ile taabu ya kuwashwa.

Nsimire alileta meshi mupya, nyeusi, laini, za bei ndogo. Nilimusuka muke wa mutu mumoja wa mashimo, rasta ndogondogo, kazi ya siku nzima, mpaka kidole changu cha shahada kikapasuka. Siku ya tatu alirudi anajikuna kwa mupini wa kijiko. Shingo yote vipele. Kesho yake akaja mwengine, halafu wa tatu, analia, anataka nimufungue pale pale. Niliogopa. Nikauliza kwenye grupu: wapendwa, watu wangu wanawashwa na meshi mupya, ni nini?

Mutu hajaandika hata herufi moja, sauti yako ikaingia. Mama, ninaijua ile odio kwa kichwa, juu niliisikia mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ulisema: «Faida mutoto wangu, acha hizo meshi za mwanamuke wa Bukavu. Huku soko la Kasongo wanasema ni nywele za maiti. Wanazikata kaburini, wanazipaka dawa, na mwenye kuzivaa anakula ugonjwa wa ule mufu. Wale watu wanauza hata wafu wao.»

Wanasema. Nani anasema, Mama? Ulimuuliza jina? Wewe uliyetupiga tukileta maneno ya kisimani, wewe uliyekuwa unatuuliza «umeona kwa macho yako?», leo unasikia neno kwenye meza ya samaki, unalitia katika telefone, na unakwenda kutwanga majani ya pondu. Na uliyemutaja iko ndani ya grupu! Anakusikia!

Mbele ya jua kuzama, odio yako ilikuwa imefika mashimoni. Watu wasiojua hata kitana ni nini walikuwa wanaisikiliza. Kesho yake, soko likiwa limejaa, wanawake walikwenda kwenye meza ya Nsimire, wakaifungulia sauti yako pale mbele yake, kwa nguvu. Nilikuwa ninasikia kutoka chini ya bashi, lile turubai la saloni yangu. Mumoja alimwaga pakiti zake katika matope. Mwengine alisema zichomwe. Mwanaume mumoja, ambaye hana nywele hata moja, akapiga kelele: «Arudi kwao!» Nsimire aliinama. Aliokota pakiti moja moja, akazifuta kwa kitenge chake, akafunga meza.

Na mimi nilifanya nini? Nitakuambia, juu sitaki ufikiri ninakuandikia nikiwa musafi. Nilikuwa na pakiti zake tano. Nilizisukuma kwa muguu chini ya benchi, nikaendelea kusuka sawa mutu ambaye hajasikia.

Saa ile ile Nsimire alikuja kwangu. Alisimama hapo nje, miguu yote matope.

«Faida, ile sauti ni ya mama yako?»

«Ni yake.»

«Na wewe? Uliamini?»

Niliinamia kitana changu, Mama. Alitazama chini ya benchi, akaona zile pakiti. Akasema pole pole: «Miaka minne tunakula sahani moja. Mutoto wako alizaliwa mikononi mwangu. Ungeniuliza tu.» Kiisha akakwenda. Ningependa anitukane. Tusi nina dawa yake.

Siku mbili grupu ilikuwa moto. Waliokuwa wanatumiana maua sasa wanatumiana makabila. Mara Wabangubangu hivi, mara Walega vile, mara Wazimba, kabila letu, ni waongo na muzee wao amewatia haya, na ule muzee ni wewe. Nilitaka kutupa telefone mutoni. Halafu Wabiwa, mwenye maneno machache, akatuma odio fupi. Niliiandika:

«Mama zangu, mutoto akivaa nguo mupya ikamuwasha, munasema ni nguo ya maiti? Munaifua. Hizi meshi zimetengenezwa kiwandani, na kule wanazipaka dawa. Kuna mutu ameziosha mbele ya kusuka?»

Hata jogoo wa mama Sifa alinyamaza. Hakuna aliyeziosha. Sisi sote mafundi, sisi sote walimu, hakuna!

Wabiwa akaeleza: loweka meshi katika maji ya vuguvugu yenye ndimu nyingi, acha mpaka maji yafanye povu jeupe, suuza, anika kivulini. Mama Sifa akasema haamini mpaka aone. Basi nikasema nitaonyesha kwa kichwa changu mwenyewe.

Nilikwenda kwa Nsimire. Nilipiga magoti, Mama, si kwa mufano, magoti ya kweli, mbele ya watoto wake. Sitaandika niliyosema. Yeye aliuliza tu: «Unataka pakiti ngapi?» Ndiyo jibu alilonipa.

Siku ya soko tuliweka kiti katikati. Nsimire alianza. Alikata uzi mumoja wa meshi, akakata unywele mumoja wa kichwa chake, akaviwasha kwa kiberiti mbele ya watu. Unywele wake ulinuka sawa kuku anayebabuliwa, ukawa majivu. Meshi ilijikunja, ikayeyuka, ikabaki tone gumu jeusi sawa plastiki. Akalipitisha lile tone mukono kwa mukono. «Guseni,» akasema. «Kama huyu ni maiti, ni maiti ya bidoni ya maji.» Watu wakacheka, lakini si wote.

Kiisha akanisuka. Upande wa kuume meshi iliyooshwa kwa ndimu, upande wa kushoto meshi kavu kutoka pakiti. Tulituma picha kwenye grupu. Mama, nimezaa watoto wanne na sijateseka vile. Siku ya pili sikio la kushoto liliwaka moto. Siku ya tatu shingo, upande ule ule tu, ilikuwa na vipele sawa vya ule muke wa kwanza. Upande wa kuume, hakuna kitu. Nilitembea sokoni kichwa kikiwa kimeinama, kila mutu anachungulia, mashangazi wasionijua wananigeuza shingo sawa mbuzi wa kuuza.

Na unajua mama Sifa alisema nini? «Labda ule uchawi unajua upande.» Nililia kwa hasira. Halafu, mwishowe, aliloweka zake mwenyewe kule Lusangi, akaona lile povu, na kesho yake akatuma odio ya dakika kumi na moja kwamba nyanya yake aliijua dawa hii tangu zamani. Wabiwa hakujibu. Mimi nilijibu, na ninatubu kwa Mungu kwa lile neno nililotumia.

Basi ndivyo ilivyoisha. Wanawake wanaleta meshi zao pamoja na ndimu, na sasa ndimu haipatikani hapa Salamabila, juu hatuna kiasi. Wawili walikwenda kuomba Nsimire musamaha. Yule aliyemwaga pakiti anapita upande mwengine wa soko. Meza imefunguliwa, lakini wanunuzi wake hawajarudi wote. Kuna wanaosema: kama ni uongo, juu ya nini ule muzee wa Kasongo hajasema kwamba ni uongo? Nao wana haki.

Juu wewe, Mama, siku tulipotuma picha za shingo yangu, wewe ulitoka kwenye grupu. Niliona kwa macho: ametoka. Hukuaga, hukuuliza kama shingo inauma, hukusema hata «ee». Kiisha ukafunga telefone. Neno lako lilikuja kwa sauti yako. Likirudishwa, litarudishwa kwa sauti hiyo hiyo. Mimi siwezi kukusemea. Nimejaribu. Wanasema: wewe ni mutoto wake, lazima umufunike.

Sikuandiki ili nikutie haya. Ninajua unaogopa. Ninajua ulisema ile odio juu ya kunipenda, juu uliona ugonjwa unakuja kwa mutoto wako. Lakini nimechoka, Mama. Nimechoka kusimama katikati yenu.

Nisalimie kaka mukubwa na muke wake, waambie kitenge nimekipokea. Musalimie shangazi, mwenye kuuza mafuta ya mawese, na dada yangu mudogo, asome vizuri, aache kwanza mambo ya perike, zile nywele za kuvaa. Musalimie katekista wetu, na jirani wa kisimani, hata kama ninafikiri yeye ndiye aliyelipeleka sokoni lile neno la maiti. Watoto wanakubusu mikono.

Bado kitu kimoja. Nsimire hakutaka nikuandikie kwamba anataka umuombe radhi ama kwamba anadai kitu. Alisema tu: «Yeye alinisema bila kuniona. Nitakwenda anione.» Nilimukatalia, juu ya barabara na matope. Alinijibu kwamba pikipiki amekwisha kuipata, na kwamba anataka pia kujifunza kusuka kwa uzi kutoka kwa mutu anayejua. Sasa, Mama, inua macho. Mwanamuke aliyekupa karatasi hii, mwenye vumbi na matope ya siku mbili, anayekutazama unavyosoma, ndiye yeye.

Mupe kiti. Mupe maji. Kiisha fungua telefone.

Mutoto wako anayekupenda hata akikasirika,

Faida