Mvua Niliyoiacha Nje ya Ripoti

Jumatano, Novemba. Jua kali tangu saa mbili asubuhi. Mawingu yanapita juu ya Kasulu kama wageni wasiotujua.

Leo nimewachukia watu wengi, na wa kwanza ni mimi.

Nilishuka bonde la chini ya kijiji cha Nyakitonto kupima maji, kazi ninayofanyia mradi mmoja wa kuhifadhi bonde. Tulichimbia mabomba ya plastiki kwenye tope, na kila mwezi nateremsha kamba ndani kuona maji yameshuka kiasi gani. Bomba la tatu lilikuwa limeng'olewa na kutupwa kwenye mafunjo makavu. Kando yake alisimama shangazi Felista na jembe lake. Huyu ndiye aliyenisomesha kwa magimbi ya bonde hilohilo.

"Mwakeye, shangazi," nilimsalimu kwa Kiha.

Alikita jembe kwenye tope.

"Ulipopima mara ya kwanza, watu wa mradi wako wakaja kutukataza kulima," alisema. "Safari hii unapima nini, makaburi yetu?"

Nikamwambia mfereji aliouchimba ndio unaokausha bonde.

"Mlimani mahindi yameungua misimu miwili. Nilime wapi, kwenye kiganja chako? Na mvua je, niliizuia mimi?"

 Ripoti iliyowafanya wakatazwe kulima niliiandika mimi. Mkuu wangu alitaka sababu moja tu ya bonde kukauka, wakulima, nami nikampa. Vipimo vya mvua nilikuwa navyo. Vikabaki kwenye daftari.

Niliviacha nikijua.

Nilimpigia mkuu palepale, nikamwambia ripoti mpya lazima iseme ukame. "Usiniletee siasa," alisema. "Andika ulichotumwa." Nikakata simu. Shangazi alikuwa amesikia yote, na hakunihurumia hata kidogo.

Mchana wote nimeandika. Mvua ilikosekana, watu wakakimbilia bondeni, mifereji ikamaliza maji kidogo yaliyobaki. Nimeandika pia kwamba ripoti ya kwanza ilificha nusu ya ukweli, na aliyeficha ni mimi. Nimeituma kwa mkuu, na nakala nimeipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kwa mkono wangu.

Ajira yangu nadhani imekwisha.

Shangazi naye atasomewa ripoti hiyo mkutanoni, na mfereji wake umo, pamoja na urefu na kina chake. Atasema nimemsaliti mara mbili.

Aseme. Mfereji siufuti.